Walivyoiosha Kompyuta ya Marehemu

Ukoo wa mume wangu huosha vitu vya marehemu kabla ya kuvigawa. Sijui kama Mbozi nzima hufanya hivyo au ni wao tu. Kabla mume wangu hajafa jambo lenyewe halikunihusu, na sikuuliza. Nguo hufuliwa mtoni na mashangazi, zikaanikwa kwenye nyasi, zikakunjwa. Majembe husuguliwa kwa mchanga. Saa na redio hupanguswa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya chumvi. Kisha mzee wa kanisa anaomba, watu wanaitikia amina, na kuanzia hapo kitu ni kisafi, anayepewa anaweza kukitumia bila kuota ndoto za ovyo.

Siku ya kumaliza matanga, chini ya turubai uani kwa wakwe zangu, juu kidogo ya Mlowo, waliosha kila kitu bila tabu mpaka walipofika kwenye laptopu. Hapo mkutano ukakwama. Kompyuta inaoshwaje?

Ningekuwa mgeni ningecheka. Shangazi mkubwa, dada wa marehemu baba mkwe, alikwisha kukamua kitambaa chake cha chumvi na alikuwa anakisogeza kwenye kibodi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akamdaka mkono. Yeye ndiye aliyekuwa amepangiwa kupewa hiyo laptopu, na alikuwa anaitazama tangu asubuhi.

"Shangazi, ukiigusisha maji inakufa hii!"

"Sasa itaoshwaje? Au unataka kutumia kitu cha mfu hivihivi?"

"Tunduma kuna mafundi. Wanaisafisha kwa ndani. Wanatoa kila kitu cha mwenyewe, inabaki mpya kama ndiyo imetoka dukani."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Baba mdogo, aliyekuwa anaongoza kikao, akamgeukia mama mkwe wangu, aliyekaa kizingitini amejifunika kanga mbili, macho yamevimba. Akamuuliza, mama unasemaje. Mama akasema bila kuinua uso, "Vya mwanangu vyote vioshwe. Kisibaki kitu." Na ikawa imepita.

Naomba niseme hapa kwamba laptopu ile niliinunua mimi. Niliinunua Tunduma kwa mshahara wangu wa ualimu, katika duka la kompyuta zilizotumika, na mume wangu alinisindikiza. Alichofanya yeye ni kuibeba. Aliiingiza kwenye begi lake, akaivaa begani, akashuka nayo Vwawa stendi, tulikokuwa tukiishi, akapita nayo mbele ya watu, na baadaye alizoea kuibeba hivyo hivyo kwenda nayo kazini kwenye ununuzi wa kahawa. Kwa macho ya ukoo, anayeonekana akibeba ndiye mwenye mali. Mimi niliyekuwa naitumia jikoni, nimeipakata juu ya magoti, hakuna aliyeniona.

Na mimi hufundisha Uraia. Kila mwaka nawaandikia watoto wa watu ubaoni haki za mjane, wananakili, nawauliza kwenye mtihani, wanapata alama. Siku yangu ilipofika nilikaa kwenye mkeka nimefungwa kitambaa kichwani, nikayatazama yale niliyoyafundisha yakipita mbele yangu, na wala sikupata hata alama moja. Hasira niliyonayo mpaka leo, sehemu yake kubwa ni ya siku hiyo.

Lakini nisidanganye kwamba nililia kwa ajili ya mashine. Mashine za namna ile zimejaa Tunduma. Nililia kwa ajili ya kilichokuwa ndani, na kilichokuwa ndani hakikuwa cha mume wangu wala si changu. Kilikuwa cha mama mkwe.

Mama mkwe ni Mndali wa Ileje kama mimi. Aliolewa Mbozi akiwa binti, akaingia katika nyumba ya Wanyiha, akasema Kinyiha maisha yake yote mpaka wanawe wakasahau kwamba mama yao ana lugha nyingine. Mimi nilipoolewa hapo ndipo aliporudi kwenye lugha yake. Tulikuwa tukikaa jikoni likizo, tunachambua kahawa kwenye ungo, tunaongea Kindali, na wote waliopita mlangoni walidhani tunawasengenya. Wakati mwingine tulikuwa tunawasengenya kweli.

Sisi hatukujaliwa mtoto, mimi na mume wangu. Mimba yangu ya pili ilipoharibika watu walikuja na pole na uji, wakakaa, wakaondoka. Mama alingoja mpaka mgeni wa mwisho atoke. Akafunga mlango wa jikoni. Akaniambia kwamba mume wangu, ambaye dunia nzima humwita mtoto wake wa kwanza, ni wa nne. Alizika watatu kabla yake.

Wale watatu walizikwa nyuma ya mstari wa mwisho wa kahawa, bila jiwe. Hakuna hata mmoja aliyefikia kuota jino, kwa hiyo ukoo haukuwapa majina. Yeye aliwapa. Aliwapa majina ya Kindali, kimyakimya, akawa anawaita kwa majina hayo pale anapopalilia. Alipomzika wa tatu, shangazi mkubwa, yuleyule wa kitambaa cha chumvi, siku hizo msichana mwenye mdomo, ndiye aliyetangulia kusema kwamba tumbo la Mndali lina mkosi. Wakamrudisha kwao Ileje kwa miguu. Alikaa huko misimu miwili ya mvua mpaka baba mkwe alipomfuata kwa siri, na wakarudi, na mwaka uliofuata akamzaa mume wangu.

"Andika," aliniambia. "Wewe si mwalimu? Andika yote. Ila mtu wa nyumba hii asiyasome mpaka nimekufa."

Nikaandika. Kila likizo nilipanda kule na laptopu, chaji nikiipata dukani kwa jirani mwenye sola, nikamwandikia maisha yake kwa Kiswahili, kisha nikamsomea kwa Kindali naye akanisahihisha. Alikuwa mkali. Mvua ya siku ile haikuwa ya manyunyu, ilikuwa ya mawe, futa. Baba yako mkwe hakusema hivyo, hakuwa na ujasiri huo, futa. Tulipomaliza pale pa watoto, majina yote matatu yapo, na siku zao, na nani aliyechimba, alivuta pumzi ndefu akasema sasa nimetua. Ningeomba msomaji alishike hilo. Siku ile ya turubai majina ya watoto wale, yote matatu pamoja, yalikuwa yamebaki mahali pawili tu duniani, kichwani mwa mwanamke mzee anayeanza kusahau alikoweka chumvi, na ndani ya laptopu.

Kwa hiyo pale kwenye turubai niliinua mkono. Mjane hainui mkono, lakini niliinua.

"Naomba nikae nayo jioni moja tu kabla haijapelekwa. Ndani kuna maandishi yangu."

"Maandishi gani?" akauliza baba mdogo.

Nikamtazama mama. Alikuwa anatazama sakafu. Ubavuni mwake, goti kwa goti, amekaa shangazi mkubwa, kitambaa kimelowa mkononi, sikio limesimama. Nikakumbuka nilichoahidi.

"Ni maandishi tu, baba."

"Maandishi tu," shangazi akarudia, polepole, ili wote wasikie.

Nikaona shaka ikiwaingia. Watu ambao asubuhi walinililia mabegani sasa waliona viwanja. Waliona hati, waliona namba za benki, waliona nyumba ya siri ya marehemu pale Tunduma yenye wapangaji. Mjane anataka kufuta. Mtu mmoja nyuma alisema hivyo kabisa, kwa sauti. Baba mdogo akakata shauri kwa upole wake wa kikao. "Mwalimu, itaoshwa kwanza. Kama kuna kitu chako, ikishatoka kuoshwa utamwomba shemeji yako, naye ni mtu mwema, atakupa." Nilijaribu kueleza kwamba ikishaoshwa hakutakuwa na cha kuomba. Wakaniambia nipunguze uchungu.

Walimu wenzangu, waliposikia, wote walikuwa na swali moja. Kwa nini hukuweka nakala? Ahsanteni sana. Niliweka. Nakala ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilining'inia kwenye funguo za pikipiki, kwa sababu mume wangu alisema hapo ndipo haiwezi kupotea. Pikipiki iligawiwa binamu yake wa Itumba. Ilisuguliwa kwa mchanga magurudumu yote, ikaondoka na funguo zake kabla sijafumbua macho, na nilipompigia binamu akasema kile kidude cha plastiki kilikuwa kinamgonga goti, alikitupa mlimani huko. Mwenzangu mmoja akaniuliza mbona sikuweka kwenye wingu. Kule juu kwa mama mkwe mtandao wenyewe unatafutwa kwa kupanda kichuguu.

Nilimpigia shemeji usiku na mchana. Hakupokea. Siku ya tatu akaniletea ujumbe, na naukumbuka neno kwa neno: "Shem imeshaoshwa. Iko fasta balaa."

Nikampigia tena, safari hii akapokea, ana furaha ya mtu mwenye kitu kipya. Akanieleza bila hata kuulizwa. Alikuwa ametaka wapige windo tu, maana mafundi wetu husema hivyo, kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuingiza mfumo upya. Lakini alipomweleza fundi kwamba ni mali ya marehemu na kwamba mama na mashangazi zake hawataki kibaki kitu, fundi akamwambia kufuta peke yake hakutoshi, alama za mwenyewe hubaki chini kwa chini. Kinachosafisha kabisa ni kubadili diski. Basi wakaitoa ya zamani wakaweka mpya, ile nyembamba isiyozunguka.

Sikuwahi kupenda neno la shemeji yule kama nilivyolipenda hilo. Wameitoa! Hawakuifuta, wameitoa!

"Na ile ya zamani iko wapi?"

"Si kwa fundi? Spea kuukuu ni ya fundi, shem. Unajua mwenyewe."

Ndiyo, najua. Ni sheria isiyoandikwa ya mafundi wa kwetu wote, kuanzia wa baiskeli mpaka wa malori. Ukibadilishiwa kitu, kile kibovu unakiacha mezani, na ukikidai utaonekana mchoyo. Jumamosi nilipanda gari Vwawa nikashuka Tunduma, nikapita kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka, nikauliza hadi nikapata duka lenyewe, chumba chembamba katikati ya duka la mablanketi na wabadilisha fedha.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya kiua, wa Kigoma kwa lafudhi, mpole kama wauzaji wote wazuri. Nilipomwambia nimefuata diski ya laptopu ya marehemu akakumbuka mara moja. Akanipa pole ya msiba, akasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Akaniomba nikae kidogo amalize ya mteja. Mteja alikuwa mama wa Kizambia kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, naye akanisalimu "Mulishani mukwai" nikamjibu kwa kichwa.

Kazi ya yule mama ilikuwa ileile. Nikakaa nikatazama kwa macho yangu walichomfanyia mama mkwe wangu.

Fundi aliigeuza laptopu kifudifudi, akatoa betri, akafungua skrubu kwa bisibisi ndogo akiziweka kwenye kizibo cha soda. Akapitisha kadi ya simu kwenye ukingo, mfuniko ukaachia kwa mlio mkavu. Diski ilikuwa pale pembeni, kitu cha chuma kisichozidi kiganja. Akaivuta kidogo ikatoka. Hakuna waya uliokatwa, hakuna kilichovunjika, kinatoka kirahisi kiasi kwamba nilikasirika. Akaweka ile mpya, nyepesi, akafunga, akachomeka flashi ya kupigia windo, akawasha. Skrini ikawa ya bluu. Ikauliza lugha. Ikauliza kibodi. Kisha ikaonyesha nafasi ya diski, tupu yote, haijagawiwa, naye akabonyeza endelea bila hata kuitazama, akawa anaongea na yule mama habari za bei ya mahindi. Asilimia zikapanda. Ikajizima, ikajiwasha. Ikauliza nchi. Ikauliza mtumiaji anaitwa nani. Nilingoja iulize kabla yake ilikuwa ya nani, lakini mashine haina swali hilo.

Yule mama akaondoka na laptopu yake kwapani. Diski yake ya zamani ikabaki mezani. Fundi akafungua droo na kuisukumia humo, na nikaona humo ndani diski nyingine nyingi, nyeusi kwa nyeupe, zimelaliana.

"Ya kwako haiko humu," akasema. "Ile ilikuwa nzima kabisa, dada yangu. Haina hata kovu moja. Ingekuwa dhambi kuiacha ikae bure."

Akageuka rafuni akatoa kikasha cha plastiki chenye waya. Diski ilikuwa ndani yake. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akanionyesha kwa fahari kidogo. "Bahati yako haijaondoka. Hizi wananunua madereva. Mtu anakaa foleni hapa siku nyingi, anataka muvi."

Akaichomeka. Nilisimama nyuma yake nikaiona ikifunguka. Za Kikorea. Za Kihindi. Zilizotafsiriwa. Za Vita. Kwaya. Ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Mahali alipokuwa mama mkwe wangu akitembea kwa miguu kurudi Ileje, maziwa yakimtoka kifuani na hana wa kumnyonyesha, sasa walikuwa wanapigana makarate.

"Uliifuta?"

"Si ndiyo kazi niliyopewa, dada? Mteja kasema isafishwe. Nikasafisha."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinivutia kiti, akafungua programu ya kufufulia vilivyofutwa, akaiacha itembee. Ilitembea mchana kutwa. Alikwenda kuswali akarudi, alikula wali akarudi, nami sikunyanyuka. Vikaanza kutokea vipande, havina majina, namba tu. Nikavifungua kimoja kimoja. Vingine viligoma. Vingine vilifunguka vikawa vijisanduku na alama za kuuliza ukurasa mzima. Mtihani wa Uraia wa Kidato cha Pili, nusu. Picha ya miche ya kahawa, imekatika chini.

Kimoja kilifunguka kizima, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Ulikuwa wasifu wa marehemu. Niliuandika mimi mwenyewe alfajiri ya mazishi, wa kusomwa kaburini, na niliuandika kama ukoo unavyoujua, kwa sababu niliahidi. Marehemu ni mtoto wa kwanza katika familia yenye watoto watano.

"Unaona, kimepatikana!" akasema fundi, na alifurahi kweli, maskini. Kisha akaona uso wangu. "Pole dada. Ungewahi kidogo tu."

Ningewahi! Niliondoka bila kuaga. Nilisimama nje kando ya malori nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, huzuni ilikuwa bado iko safarini. Shemeji mpaka leo laptopu anayo, anatengenezea mikeka yake ya kubeti mpira. Hajawahi kukosa usingizi. Imeoshwa vizuri.

Pasaka nilipanda kwa mama. Nilimkuta jikoni, amekonda, kahawa iko kwenye ungo lakini alikuwa hachambui, anaizungusha tu. Akafunga mlango kama zamani. Akaniambia kwa Kindali kwamba kuna jina linamkimbia. Anapokwenda kule nyuma ya kahawa, anamwita wa kwanza, anamwita wa pili, anafika kwa wa tatu mdomo uko wazi hauna kitu. Mtoto anangoja kuitwa, na mama yake hamwiti.

"Nisomee pale pa watoto," akasema.

Mimi majina mawili nilikuwa nayo. La tatu lilikuwa refu, la maneno mawili yaliyounganishwa, na nilikuwa nimelitafuta kichwani kila siku tangu Tunduma. Nilimwambia mama ukweli. Nilimwambia yalikuwa ndani ya kompyuta ile, yote, na kompyuta ilikwenda kuoshwa. Na kwa kuwa nilikuwa na uchungu, na uchungu una ulimi, nikamalizia, "Mlisema kisibaki kitu, mama. Hakikubaki."

Hakulia. Alikuwa anaipanga ile sentensi yake upya, niliona midomo ikitikisika.

"Nilisema waoshe vya mwanangu," akasema. "Vyangu nani aliwaambia waoshe?"

Ningemjibu nini? Kwamba kwa ukoo huu hakuna kitu ndani ya nyumba kinachoitwa chake wala changu? Anajua kuliko mimi. Nikachukua ungo, nikachambua kahawa mpaka ikaisha.

Tulikubaliana tutaandika upya likizo ya Juni. Nilijua halitapatikana lile la tatu, lakini mengine yangerudi, safari ya Ileje, mvua ya mawe, baba mkwe alivyomfuata kwa siri. Safari hii ningeandika kwa kalamu, nikayafungie kwangu Vwawa. Shule zilipofungwa nikapanda na kalamu na karatasi kwenye begi ambalo nililibeba mwenyewe, mbele ya watu, begani.

Mama alikuwa nje juani, amevalishwa sweta. Alinipokea vizuri, akaniuliza nyumbani hawajambo, mvua huko zikoje. Aliniuliza kwa Kinyiha. Nikamjibu kwa Kindali, akacheka kidogo kama mtu aliyeguswa mahali pasipouma. Nikakaa chini, nikaweka karatasi gotini, nikamwambia haya mama, anza. Akaanza vizuri kabisa, kwa sauti ya kikao. Alizaliwa Ileje. Aliolewa hapa. Mungu alimjalia watoto watano, wa kwanza ndiye huyu aliyetangulia.

"Na wale watatu, mama?"

"Watatu gani?"

Nikamsogelea sikio, nikamtajia majina mawili niliyokuwa nayo, moja, halafu la pili, kama alivyokuwa akiyatamka yeye. Aliyasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Poleni sana, mwanangu," akasema. "Walikuwa wa kwenu?"

Nikamwambia ndiyo, mama, walikuwa wa kwetu.